Usipitie Mlango Wako, Yaya

Yaya Mwamini, dada yangu na mke mwenzangu,

Nakusalimu huko kilimani tulikokulaza ubavu wa kuume. Sisi wa huku chini tungali tunapumua. Wanaokufa sasa ni nyumba.

Najua utasema mimi, mwana Kasongo, nimeanza tena maneno yangu mengi, maiti haandikiwi, anaombewa dua. Dua nakuombea. Lakini iko jambo limenikaa kifuani, na mambo ya kifuani nilizoea kukwambia kupitia ukutani, maana uso kwa uso tulikuwa tunagombana tu. Sasa nikiongea na ukuta, mwanao Saidi ananitazama kama mtu anayefikiria kuniitia shehe aje anisomee. Bora niandike.

Kwanza nikwambie hili, hata kama utanicheka. Juzi asubuhi nilikuwa nachagua mchele nikasikia mwiko ukutani. Ko, ko, ko, upande wa kichwa cha kitanda changu, palepale pako. Nikajibu "nakuja" kwa sauti, nikachukua sahani, nikatoka. Nilipofika nje ndipo nikakumbuka kwamba umekufa, na kwamba upande ule hakuna chumba tena. Nikasimama na sahani yangu tupu, mvua inaninyeshea, wapita njia wananipa pole. Sikujua niirudishe ndani au niendelee kuishika.

Chumba chako kilikwenda wapi, nitakwambia. Usikasirike kabla sijamaliza.

Unaujua mtaa wetu wa Karakana ulivyozaliwa, maana ulifika Salamabila kabla yangu. Wakati wa kampuni ya zamani ya machimbo, wakubwa wa kazi walipewa nyumba za matofali ya kuchoma kule juu. Wasiopewa wakajibanza huku chini, kando ya karakana, karibu na lile lundo la mchanga ambao mashine ilikwisha kuusaga na kuutema. Hakuna aliyepima parsele, kiwanja cha mtu, hakuna mwenye karatasi hata leo. Mtu alikuja na miti na kamba, akaegemeza nyumba yake kwenye nyumba ya mwenzake, halafu naye akaegemewa. Ukikohoa kwako, jirani wa tatu anakwambia pole. Na udongo wa kujengea ulikuwa mlangoni, wa bure: mchanga wa lile lundo, ukichanganya na matope ya kijito, kuta zako zinasimama kabla ya wiki kwisha. Mtaa mzima ulijengwa hivyo.

Sasa sikiliza maajabu. Mvua hizi kubwa ziliangusha jiko la Mama Fatuma, jirani yetu wa nyuma. Akazoa matope kwenye beseni akayamwage kijitoni. Lakini mkono wa mtu wa Salamabila ukishika beseni yenye matope na maji, unajizungusha wenyewe. Akazungusha, akamwaga, akazungusha, na pale chini ukabaki mstari wa njano. Dhahabu, Yaya. Mashine ya kampuni haikumaliza kuitoa kwenye mchanga, na sisi miaka yote tulikuwa tunailalia, tunaipigilia misumari ya kutundikia nguo. Mama Fatuma aliapa hatamwambia mtu. Wewe unamjua Mama Fatuma na mdomo wake. Kabla ya swala ya Ijumaa watu walikuwa wanabomoa.

Wanakula nyumba zao. Hivyo ndivyo tunavyosema siku hizi: fulani ameshakula jiko, sasa anakula sebule. Wanabomoa, wanabeba kijitoni, wanaosha, halafu wanatandaza turubai palepale nyumba ilipokuwa na kulala chini yake. Mbao hakuna anayeziosha, kwa hiyo milango imebaki. Imesimama na fremu zake katikati ya uwanja, mmoja hapa, mmoja pale, bila ukuta kulia wala kushoto. Na watu wanaitumia. Mama Fatuma anatoka chini ya turubai lake, anapita mlangoni, anaufunga kwa kufuli, anakwenda sokoni. Mgeni anasimama mbele ya mlango anapiga hodi huku anamwona mwenyeji pale anamenya muhogo, na anangoja mpaka aambiwe karibu. Mwanzo nilicheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu na mimi nasimama. Nashindwa kabisa kupita pembeni. Naona kama iko mtu ndani atakayenikasirikia.

Sauti nazo zimebadilika. Zamani kila neno liligota kwenye ukuta wa mtu. Sasa mtoto akilia kule mwisho wa mtaa, analia sikioni mwangu, na adhana inafika moja kwa moja kitandani. Kijito kimekuwa chekundu toka huku mpaka darajani. Nikienda kuteka maji nakaa kwanza nikikitazama, maana ule wekundu ni chumba cha fulani, jiko la fulani, kona ambayo fulani alizalia watoto wake. Vinapita vyote mbele yangu vikiteremka.

Basi tuliposoma hitima yako na wageni wakatawanyika, Saidi alikuja akakaa kwenye kigoda chako. Akawa anakwangua udongo wa ukuta kwa ukucha, nikajua. Akasema, "Mama mudogo, watu wote wanaosha." Nikamwambia mimi si watu wote. Akasema anataka kuhamisha watoto aende nao Kasongo, akanunue parsele yenye karatasi, ajenge nyumba ambayo hakuna mtu atakuja kusema si yako. Si mtoto mbaya, usimfikirie hivyo. Alilia huku akisema. Na usipoosha wewe, wanakuoshea wengine: nilitoka sokoni siku moja nikakuta kona yetu ya nje imekwanguliwa kwa kijiko, kama sufuria iliyotolewa ukoko wa wali. Jirani gani, sijui. Wote walinisalimia vizuri.

Halafu Saidi akauliza neno lililonikosesha usingizi. "Chumba cha mama kiko changu. Chako sikigusi. Lakini ule ukuta wa katikati iko wa nani?"

Miti ya paa langu imelala juu ya ukuta ule. Ukuta ukienda, paa linaufuata, na mimi nabaki na turubai na mlango kama Mama Fatuma. Hilo lilikuwa moja, na nililisema. La pili sikulisema, kwa sababu mwanamke mtu mzima hawezi kumwambia mtu kwamba anahitaji ukuta usimame ili marehemu apate mahali pa kugonga.

Maana ndio uliobaki, Yaya. Vitambaa vyako wamegawana wadogo zako waliotoka Kabambare. Kinu amechukua mke wa Saidi. Mimi nilibaki na ule ukuta.

Wakati niko macho usiku mzima namwaza Saidi na swali lake, nilikumbuka ukuta ulivyojengwa. Muzee Ramazani aliponileta kutoka Kasongo, mke wa pili, msichana wa mjini anayejua kupika pilau na hajui kushika jembe, nyumba ilikuwa chumba kimoja kirefu na kitenge kilichoning'inizwa katikati. Tuliishi hivyo mpaka siku ya ile sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Wewe uliitia chumvi, mimi sikukuona, nikaitia tena. Muzee akala tonge moja akatema. Wewe ukasema nimefanya makusudi ili nikuaibishe, mimi nikasema wewe ndiye uliyerudia, na hatukunyamaza mpaka jua likazama. Muzee akasema, jengeni ukuta, mimi nimechoka na pazia. Na wewe ukajibu, "Nitaujenga mwenyewe. Mutu asinisaidie."

Ukaujenga kiangazi kizima. Mtaa wote ulishangaa. Lundo la mchanga lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na wewe unaliacha unavuka kijito na jembe na beseni, unakwenda kuchimba kichuguu kule njia ya mashamba. Unarudi na beseni kichwani, shingo imekaza, hunitazami. Unaukata udongo, unatia nyasi, unaukanyaga kwa miguu, unauacha ulale, kesho unaukanyaga tena. Ukuta ukapanda polepole, mnene kama wa msikiti. Mama Fatuma alipita akaninong'oneza, "Mwenzako anakujengea gereza." Nikamwamini. Niliona unatafuta udongo mzito kuliko wote ili usisikie hata pumzi yangu. Kila beseni uliyotua ilikuwa tusi kwangu. Ulipomaliza ukaukandika, ukapitisha vidole vyako vitatu toka juu mpaka chini, mistari kama mawimbi, upande wako na upande wangu pia. Na mimi nikakisogeza kitanda changu mpaka kwenye ukuta, kichwa huku, mgongo kwako, ili ujue sijali.

Halafu Muzee akafa, tukakaa eda pamoja. Unakumbuka? Wewe kwako, mimi kwangu, hakuna kutoka, hakuna mapambo, hakuna mume wa kugombania. Siku moja ukagonga kwa mwiko. Nikadhani ni ugomvi, kumbe ilikuwa bugali imeiva. Tukaanzia hapo. Mwiko ikawa njoo ule. Ngumi ikawa nyamazisha hiyo redio. Na kidole kimoja kikikwaruza, polepole, ikawa uko macho? Nami nilikuwa najibu kwa kukwaruza: niko macho. Hatukusema zaidi ya hapo. Mara nyingi ilitosha mpaka asubuhi.

Kwa hiyo Saidi alipoanza kuosha chumba chako, sikumzuia, lakini sikumsaidia. Nilikaa kwangu na mlango wazi. Alitoa kitanda, akatoa masanduku, akabandua mabati ya upande wako akayaegemeza kwa heshima. Kuta tatu zako zilikuwa za mchanga wa lundo, zilianguka kirahisi mno. Pale kichwa chako kilipoegemea palikuwa na doa la mafuta ya nywele. Alilizunguka na jembe, akaliacha la mwisho, halafu nalo likaenda kwenye beseni. Nilisikia anapiga pua. Nilikuwa nataka kumchapa na nilikuwa nataka kumshika, basi nikafanya bugali.

Dhahabu ilitoka. Si ya kutisha, ila ilitoka. Na ilipotoka, macho yake yakauangalia ule ukuta wa katikati. Nilimwona anaupima unene kwa kiganja. Kama kuta nyembamba zimetoa hivi, huu je? Akasema, "Mama mudogo, beseni moja tu. Tuonje. Kama hakuna, siugusi tena maisha yangu."

Nikasema chukua. Sijui kwa nini nilikubali. Labda nilichoka kukaa macho. Akatoboa chini kabisa, upande wako, mahali pasipobeba mti, na lile jembe lilirudi likilia kana kwamba limepiga jiwe. Nikavaa kitenge, nikamfuata kijitoni. Nilitaka nione mwenyewe huo udongo unavyoteremka na maji.

Akazungusha. Udongo wako haukutaka kuyeyuka, ikabidi auponde kwa mikono. Akamwaga, akazungusha, mpaka maji yakawa meupe na beseni ikawa tupu. Hakuna. Hata punje ya kumdanganya mtoto. Akarudi akachukua pengine, katikati, kidogo tu; na juu, karibu na mti wa paa. Hakuna, hakuna. Watu waliokuwa wanaosha pale wakasogea, wakatazama ndani ya beseni, wakatikisa vichwa. Wakasema nyumba yenye ukuta mnene kuliko zote Karakana imejengwa kwa takataka.

Saidi alikaa kwenye jiwe akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Nimekumbuka kitu, Mama mudogo." Akasema kwamba kiangazi kile alikuwa anacheza matope karibu yako, na Muzee alikuja akakuuliza kwa nini unajitesa na udongo wa mbali na mchanga uko pale. Na wewe, bila kuacha kukanyaga, ukamjibu: "Ule muchanga unaanguka mvua ikiupiga. Mutoto wa watu atalala kichwa pale."

Mtoto wa watu. Mimi.

Nilikaa kwenye maji, Yaya, na nguo zangu. Wekundu wa nyumba za watu unanipita miguuni. Saidi alidhani nimeteleza. Nilikuwa nakuona na beseni kichwani, shingo imekaza, hunitazami, unavuka kijito kilekile kwenda na kurudi kiangazi kizima, kwa ajili ya msichana aliyekutilia chumvi kwenye sombe.

Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na mwiko, ulikuwa na kidole. Tulikaa eda nzima, tukazeeka, nikakuogesha ulipokuwa huwezi tena kusimama, na hukuniambia. Nimekukasirikia siku nyingi na bado nimekukasirikia kidogo hata ninapoandika. Ungekuwa hapa ningekupigia ukuta ngumi. Mimi naupiga, na upande wa pili ni mvua tu.

Haya, nikwambie nilivyoamua, maana ungeuliza.

Kuta zangu tatu nyingine ni za mchanga wa lundo. Nimempa Saidi. Nilimwambia aoshe mmoja baada ya mwingine, asiharakishe, na kila anapotoa mmoja mimi najenga mwingine mahali pake. Kichuguu chako kipo bado, kimeota tena upande uliochimba. Nimeanza kukichimba. Mwana Kasongo ameshika jembe, cheka sana. Shingo inaniuma, magoti ndiyo usiseme, na Mama Fatuma amesimama mlangoni kwake, kwenye mlango wake usio na nyumba, ananiuliza kama nimeingiwa na wazimu, udongo wa dhahabu naugawa, udongo mtupu naubeba kichwani. Nikamjibu mutu asinisaidie. Nilishtuka kusikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu. Naye alishtuka, akaingia chini ya turubai.

Ukuta wako haujaguswa tena, hata kwa kijiko. Mtaa mzima unajua hauna kitu, kwa hiyo wanauacha. Yale matundu matatu ya Saidi nimeyaziba. Upande wako sasa ni upande wa nje, mvua inaupiga siku nzima na hautoki. Mistari ya vidole vyako nimeifunika kwa kipande cha bati, chini kidogo tu nimeiacha wazi, pale mkono wangu unapofika nikikaa.

Saidi na watoto wanaondoka kwenda Kasongo pikipiki zikipatikana na barabara ikikauka. Amenibembeleza niende naye, kwamba kule ni kwetu. Kule wote walioniita kwa jina la utoto wamelala makaburini, na hakuna hata mmoja aliyenijengea kitu. Nimekataa. Alitaka pia kuchukua mlango wako, mbao bado nzima. Hapo nilikuwa mkali. Umesimama bado, na komeo lake.

Lakini mlango huo ndio jambo lenyewe lililonifanya niandike. Yule aliyegonga juzi, kama ulikuwa wewe, basi ulikuwa umesimama nje. Ulipitia mlango wako kama kawaida, ukadhani umeingia, na ndani hakuna ndani. Mwiko uko mkononi, mvua iko kichwani, na mimi nilikawia.

Naahidi nitaukandika ukuta huu kila kiangazi, pande zote mbili, mpaka mikono ikatae. Naahidi sitamwuzia mtu, wala kumpa mtu kijiko. Wewe nakuomba moja tu. Usipitie mlango wako, Yaya. Zunguka nyuma, kwenye ule mwembe wa jirani uliokatwa, upite kwangu. Siufungi. Kitanda nimekisogeza, kigoda chako nimekiweka ukutani palepale, huku ndani pakavu. Ukija na njaa, iko sombe, na chumvi sijatia bado, nakungoja wewe utie. Ukija huna neno, kwaruza tu.

Niko macho.

Zaina wako, mwana Kasongo